Bwawa la Jangwani na Watu wa Nyando

Hotuba kwa wanafunzi wa uhandisi wa ujenzi na wakazi wa bonde la Nyando, Kisumu

Mwenyekiti, walimu wa chuo, wazee wetu mliotoka Koru, Muhoroni na Ahero tangu alfajiri, akina mama, na nyinyi vijana wa mwaka wa mwisho mlioniita: hamjambo nyote.

Vijana waliniomba nizungumzie bwawa la Hoover, lile la Marekani, kwa kuwa wamelisoma darasani na picha zake wameziona. Walimu wao wakaongeza sharti kwamba wakazi wa Nyando nao waalikwe. Nimefurahi sana kwa sharti hilo. Vijana wanataka kujua ule ukuta ulijengwaje. Wazee wanataka kujua watu waliokuwa pale walienda wapi. Mimi nimekula chumvi yangu kwenye mjengo, kuanzia karani wa stoo hadi mkaguzi wa zege, na ninaamini kwa dhati kwamba maswali hayo mawili ni kazi moja. Mhandisi aliyejibu la kwanza peke yake hajamaliza michoro yake.

Mto Colorado, ambao bwawa la Hoover limeuziba, huanzia kwenye milima yenye theluji, kisha huteremka na kukata jangwa ambalo kwa mwaka mzima hupata mvua ya milimita mia moja hivi. Theluji ikiyeyuka, mto ulikuwa ukifura na kuchukua mashamba. Miezi michache baadaye mashamba yale yale yalikauka. Mwaka 1905 maji yalivunja kingo za mfereji wa kunyunyizia na kumwagikia bonde la Imperial kule California. Hayakuzibwa hadi 1907, na ziwa lililozaliwa pale, Salton Sea, lipo hadi leo. Kwa hiyo asiwaambie mtu kwamba bwawa lile lilijengwa kwa fahari tu. Wakulima walililia, kama nyinyi wa tambarare ya Kano mnavyolililia bwawa kila mvua za masika zinapowahamishia watoto wenu kwenye madarasa ya shule na magodoro kichwani.

Mwaka 1922 majimbo saba yalikubaliana namna ya kugawana maji ya mto. Wenyeji wa asili, ambao walikunywa maji hayo kabla ya jimbo lolote kuwa na jina, hawakuitwa mezani. Likumbukeni hilo, nitalirudia. Mwaka 1928 sheria ya kujenga ikatiwa sahihi, na mwezi Machi 1931 kazi ikapewa muungano wa makampuni ulioitwa Six Companies kwa dola 48,890,995. Msimamizi mkuu alikuwa Frank Crowe, mtu aliyeishi kwa ajili ya mabwawa.

Sasa, vijana, ukuta wenyewe. Mahali ni korongo la Black Canyon, mpakani mwa Nevada na Arizona, mawe matupu pande zote mbili. Huwezi kumwaga zege mtoni, kwa hiyo kwanza walitoboa mahandaki manne ndani ya mwamba, kila moja na upana wa mita 17, ili mto upite pembeni. Novemba 1932 mto ukageuzwa. Wanaume wengine walining'inia kwa kamba kwenye magenge wakigongoa mawe yaliyolegea yasije yakaangukia wenzao chini. Walichovya kofia za kitambaa kwenye lami zikakauka na kuwa ngumu kama jiwe. Kulikuwa na walioangukiwa na mawe wakavunjika taya huku fuvu likibaki zima, na kampuni ilipoona hivyo ikaagiza kofia za aina hiyo kwa wingi. Kila mnapovaa helmeti asubuhi, mnavaa akili ya vibarua wale.

Zege lilianza kumwagwa Juni 1933. Hapa naomba mnisikilize kwa makini, maana ndipo ufundi ulipo. Saruji ikishika hutoa joto. Ugali wa familia kubwa ukifunikwa kwenye sufuria, pembeni hupoa lakini katikati hubaki moto kwa muda mrefu. Na ukuta huu ulikuwa na unene wa mita 200 chini kwenye msingi. Wangeumwaga kwa mkupuo, joto la ndani lingechukua zaidi ya miaka 100 kutoka, na ukuta ungejaa nyufa. Kwa hiyo waliujenga kwa vitalu, kila kitalu kikiinuliwa mita moja na nusu tu kwa mara moja, na ndani wakalaza mabomba membamba ya chuma yenye urefu wa zaidi ya kilomita 900. Maji baridi yakapitishwa humo mpaka zege likapoa, kisha mabomba yenyewe yakajazwa saruji na kuachwa humo humo. Sisi kwetu tunafunika nguzo kwa magunia na kuagiza kijana amwagilie maji asubuhi na jioni. Kanuni ni ile ile: usiache zege lijipikie.

Ndoo iliyobeba zege ilishuka kwa waya kutoka juu ya korongo, ndoo ya tani karibu 20. Ikifunguliwa, wanaume wenye gambuti walilikanyaga na kulisukuma kwa sepetu mpaka lijae kila pembe. Kila ndoo iliinua kitalu kwa sentimita chache tu. Ndiyo maana ule uvumi kwamba kuna watu waliozikwa ndani ya ukuta si kweli. Hakuna aliyeweza kuzama kwenye zege la kina cha kifundo cha mguu mbele ya wenzake. Lakini ukweli wa vifo uko mahali pengine, na unauma zaidi. Nitaufikia.

Ukuta ulipokamilika ulikuwa na kimo cha mita 221. Bwawa letu la Turkwel, ambalo ndilo refu zaidi hapa Kenya, lina mita 153. Rais Franklin Roosevelt alilizindua Septemba 1935, na Machi 1936 likakabidhiwa, miaka miwili na zaidi kabla ya muda wa mkataba. Mwalimu yeyote wa uhandisi atawasifia, na mimi nawasifu pia. Ni kazi ya ajabu.

Wazee wangu, sasa nageukia upande wenu.

Mwaka 1931 Marekani ilikuwa na njaa ya kazi. Benki zilikuwa zimeanguka na viwanda vimefungwa. Habari zilipoenea kwamba kuna bwawa linajengwa jangwani, watu walipakia wake na watoto kwenye magari machakavu wakaenda. Las Vegas wakati huo ilikuwa kituo cha treni chenye watu elfu tano hivi. Serikali ilikuwa imepanga kujenga mji wa wafanyakazi, lakini kwa sababu ya shinikizo la ukosefu wa kazi, ujenzi ulianza mapema kuliko ilivyokusudiwa, na nyumba hazikuwa tayari. Watu wakajipanga kando ya mto. Kambi ile ikaitwa Ragtown, mji wa matambara, na jina lilistahili: mahema, shuka zilizofungwa kwenye vijiti, maboksi ya kadibodi, gari lililogeuzwa chumba cha kulala. Maji ya kunywa yalitekwa mtoni yakiwa rangi ya udongo, yakaachwa kwenye ndoo mpaka tope litulie. Kiangazi kile joto la mchana lilifika wastani wa nyuzi karibu 49. Kati ya tarehe 25 Juni na 26 Julai, watu 16 walikufa kwa joto, vibarua na watu wa kambini.

Fikirieni mama mwenye mtoto mchanga ndani ya hema hilo saa nane mchana. Mto uko mbele yake, na mume wake yuko ndani ya mwamba.

Ndani ya mwamba nako hali ilikuwa mbaya. Ili kwenda haraka, malori ya petroli yaliingizwa mahandakini, ingawa sheria ya migodi ya Nevada ilikataza injini za petroli chini ya ardhi. Kampuni ilikwenda mahakamani na kushinda. Moshi ukajaa. Vibarua walitolewa wakiwa wamezimia, na wengi waliokufa hospitalini waliandikiwa nimonia. Hesabu rasmi ya waliokufa kazini ni 96. Hao wa nimonia hawamo. Nawaomba, vijana, siku moja mtakuwa mnajaza daftari la ajali. Sababu ya kifo mtakayoiandika ndiyo itakayoamua kama mjane atalipwa au atarudi kwao mikono mitupu.

Agosti 1931 kampuni ilipunguza mshahara wa baadhi ya watu wa mahandakini, na mgomo ukazuka. Angalieni walichodai: maji safi ya kunywa, barafu, vyoo, mahali pa kubadilishia nguo, na sheria ya usalama wa migodi ifuatwe. Crowe alikataa yote, mgomo ukavunjika ndani ya siku chache, kazi ikaendelea. Lakini wakubwa walikuwa wamesikia. Nyumba zikaharakishwa, na familia zikahamia mji mpya wa Boulder City.

Boulder City ulipangwa vizuri: barabara zenye miti jangwani, taa, maji ya bomba, hospitali. Uliwekewa lango na askari. Pombe ilipigwa marufuku, na kamari hairuhusiwi hadi leo, ingawa Las Vegas iko jirani. Baada ya ujenzi mji haukufa. Mwaka 1960 wakazi walikabidhiwa uongozi wao wenyewe. Hilo ni jambo zuri, na sisi hapa hatujalifanya vya kutosha: kambi zetu za mjengo tunazibomoa mabati na kuacha mashimo.

Ila lango lile halikufunguliwa kwa kila mtu. Mkataba ulikataza Wachina kuajiriwa. Weusi hawakuajiriwa kabisa mwanzoni, na walipolalamika wakachukuliwa wachache sana, wasiozidi 30 kwa wakati mmoja kati ya maelfu. Walisafirishwa kwa basi lao, wakanywa kwenye ndoo yao, na jioni walirudi Las Vegas kwa sababu Boulder City hawakuruhusiwa kuishi. Linaniumiza kila ninaposoma, maana zege lile lilikuwa mali ya umma na pesa zilikuwa za umma. Na si jambo la kule tu. Kwetu mradi ukifika, swali la kwanza sokoni ni kazi zinagawiwa nani, kabila gani, mtoto wa nani. Kama jibu halijaandikwa na kubandikwa mahali pa wazi tangu siku ya kwanza, amani ya bonde zima inachezewa.

Nyuma ya ukuta ziwa likaanza kupanda. Kulikuwa na mji mdogo wa wakulima, St. Thomas, uliokuwepo tangu 1865. Serikali ilinunua mashamba na nyumba, makaburi yakahamishwa. Wengine hawakuamini kwamba maji yangefika. Mtu aliyelima mahali miaka 30 haamini mstari uliochorwa kwenye ramani na mgeni. Mwaka 1938 maji yakafika, na mkazi wa mwisho akaondoka kwa mashua. Miaka ya ukame ya hivi karibuni ziwa limeshuka sana, na misingi ya nyumba zile imetoka nje tena. Watu huenda kuitembelea.

Na chini ya bwawa? Mto Colorado uliishia baharini kule Mexico, kwenye delta kubwa ya misitu na samaki ambako watu wa Cocopah waliishi kwa uvuvi na kilimo cha mafuriko. Ziwa lilipokuwa likijazwa maji yalipungua, na kadiri mabwawa na mifereji ilivyoongezeka, ikawa miaka mingi mto haufiki baharini kabisa. Hao ndio hasa niliowaambia mwaka 1922 hawakuitwa. Mexico ilipata mgao wake kwa mkataba wa 1944, lakini samaki hawali mikataba.

Msinielewe vibaya. Umeme wa Hoover, ambao mitambo yake iliundwa kutoa zaidi ya megawati 2,000, unatumika mpaka leo, na mamilioni ya watu wanakunywa maji ya lile ziwa. Sipingi mabwawa. Nimeyafanyia kazi, na bonde la Nyando linahitaji moja.

Lakini tuangalie Turkwel, jangwa letu wenyewe. Mto unatoka Mlima Elgon ukiitwa Suam, unapita korongo la Pokot, unashuka Turkana. Bwawa lilikamilika 1991, megawati 106. Umeme ule ulivutwa kwa nyaya hadi Lessos, ukaingia gridi ya taifa, ukatufikia sisi. Lodwar, mji ulio kando ya mto ule ule, uliendelea kwa miaka mingi kutumia jenereta za dizeli. Na mafuriko yaliyokuwa yakinywesha migunga ya kingoni, ile ambayo mbuzi wa Waturkana hula maganda yake wakati wa kiangazi, yalibadilika. Hakuna fundi aliyekosea vipimo hapo. Ukuta uko imara. Kilichokosekana ni mtu wa kuhesabu mbuzi na migunga kabla ya kuhesabu megawati.

Kwenye mradi mmoja niliofanyia kazi, ambao sitautaja, tulichimba mfereji wa maji uliokata njia ya kwenda mtoni. Daftari la fidia lilikuwa na nyumba, miti ya matunda, miwa, hata vyoo. Njia haikuwemo, kwa sababu njia haina mwenyewe. Akina mama wakawa wanazunguka mbali hadi daraja la malori, na mtungi kichwani, vumbi usoni. Daraja la miguu lililipiwa mwaka wa tatu, baada ya wao kuketi barabarani mbele ya malori asubuhi nzima. Mbao na chuma cha daraja lile vilikuwa kitu kidogo mno kwenye bajeti ya mfereji. Niliwaona walipolivuka mara ya kwanza, na mmoja wao, mama mzee wa miaka ya sabini, alisimama katikati akalipiga kwa mguu mara mbili kuona kama ni imara.

Basi, habari za Koru-Soin, bwawa lililopangwa hapa Nyando, mnazijua kuliko mimi. Bwawa hilo limesemwa miaka mingi, mara linaanza, mara linasimama. Wakati huo wote familia zimekaa bila kujua kama zipande miwa, au zijenge jiko jipya. Sitawaahidi tarehe. Nitawaambia tu kilicho mikononi mwenu sasa.

Katiba ya 2010, kifungu cha 40, inasema ardhi ikichukuliwa kwa manufaa ya umma, fidia iwe ya haki, kamili na ya haraka. Kifungu hicho hicho kinaacha mlango wazi hata kwa anayeishi kwenye ardhi kwa nia njema bila hati miliki. Anayesimamia ni Tume ya Kitaifa ya Ardhi, na notisi hutolewa kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, ambalo wengi wetu hatulisomi. Chagueni kijana mmoja kila kata, anayejua kutumia simu vizuri, awe analisoma na kutangaza kanisani na kwenye baraza la chifu.

Tatizo kubwa nililoona kila mahali ni hati iliyo kwa jina la babu aliyekufa. Pesa zikija, watoto wa nyumba ya kwanza na ya pili wanashtakiana, na hundi inakaa ofisini. Mirathi huchukua miezi mingi hata familia ikiwa na amani, kwa hiyo anzeni kabla ya notisi. Na tafadhali, wazee, wajane na mabinti waandikwe. Sheria haimnyimi binti kwa sababu ameolewa. Najua baadhi yenu mnakunja uso, lakini nimeona kesi moja ya dada aliyeachwa nje ikizuia malipo ya ukoo mzima, na dada alikuwa na haki.

Wakija wapima, msikubali waandike ukubwa wa shamba peke yake. Waonyesheni kisima, kaburi, mti wa kivuli cha mikutano, malisho ya pamoja, njia ya shule. Kabla ya ujenzi lazima kuwe na tathmini ya athari kwa mazingira chini ya sheria ya 1999, na wananchi wana haki ya kuisoma na kutoa maoni. Ombeni isomwe kwa lugha mnayoielewa. Walio chini, Ahero na kuendelea hadi ziwani, waulize jambo lao: maji yatafunguliwa lini, king'ora kitalia wapi, na nani atakagua ukuta mvua ikizidi. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, bwawa la Solai kule Nakuru lilipasuka na kuua zaidi ya watu 40 wakiwa majumbani mwao. Waliokuwa chini ya ukuta ule walikuwa na haki ya kujua hali yake.

Vijana, msifunge mabegi. Hapo nyuma kuna meza sita na ramani za bonde zilizochapishwa kubwa. Kila meza wakae wawili wenu na wazee wa eneo moja: Koru meza ya kwanza, Muhoroni ya pili, hivyo hivyo hadi Ahero. Mzee ataje, kijana aandike: visima, njia, makaburi, vivuko, sehemu za kunyweshea ng'ombe. Tumieni kalamu ya risasi kwanza, mzee mwingine akithibitisha ndipo mtie wino. Wenye hati za marehemu waje kwangu mbele, pamoja na cheti cha kifo kama kipo.